Magadi ya Jiwe na Magadi ya Majivu

Mwaka 1975, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, baba yangu aliumwa na nyoka shambani kwetu Mwazye, akafa kabla jua halijazama. Nilikuwa darasa la nne. Darasa la tano sijaliona mpaka leo. Hilo naliandika mwanzoni kabisa ili nyinyi vijana niliowaacha maabara, wenye vyeti vya kutundika ukutani, mkikuta herufi imekosewa humu mjue sababu yake. Mwandishi wa karatasi hizi alisoma miaka minne, akafanya kazi miaka thelathini na tisa. Pimeni wenyewe upi ni mwingi.

Mama alinipeleka Mpui kwa kaka yake, mchoma matofali. Mjomba hakuwa na maneno mengi. Alinipa sepetu, akanionyesha shimo la udongo, akaenda zake. Kwake nilijifunza mambo mawili ambayo hakuna chuo kilichonifundisha. La kwanza, moto una rangi. Ukiwa mwekundu wa damu, bado. Ukiwa mwekundu wa pilipili iliyoiva, umekaribia. Ukifika rangi ya chungwa, acha kuongeza kuni. La pili, tanuri halizimwi, linalazwa. Ukimaliza kuchoma unaziba vinywa vyake vyote kwa tope, unaondoka, unarudi baada ya wiki. Mimi siku moja nilizibua mapema kwa pupa. Tofali zikalia kama bisi, zikapasuka nusu nzima. Mjomba hakunipiga. Aliniambia, "Haya, sasa tafuta mtu anayejenga nyumba kwa vigae."

Matofali yetu ndiyo yaliyojenga maabara ya udongo hapa Sumbawanga. Mnaopita ukuta wa upande wa tangi la maji mjue mnapita mkono wangu. Jengo lilipokwisha wakatafuta mfagiaji. Nikasema mfagiaji si mwingine, ni mimi, maana uchafu wenyewe niliuleta mimi.

Siku ya kwanza ndani nilipokelewa na Mzee Kasian, mtunza vyombo, mtu mfupi, mkali, mnusa tumbaku. Alinipa chupa ya kioo akasema, "Osha." Nikaosha. Akaiinua kwenye mwanga. "Osha." Nikaosha. Mara ya saba nikamwuliza, "Mzee, hii chupa ina kosa gani?"

"Chupa haina kosa. Naangalia wewe utakasirika lini."

"Nimekasirika tangu mara ya tatu."

"Basi umefaulu. Aliyekutangulia alikasirika mara ya pili, akaivunja."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kuosha, kutwanga na kupima, kwa mpango huo huo, na kila hatua ilichukua mwaka. Mizani yetu ilikaa ndani ya sanduku la vioo na ilipima hata unyoya wa kifaranga. Mzee Kasian mwenyewe aliacha kopo lake la tumbaku mlangoni kabla ya kuingia chumba hicho, kwa sababu siku moja alipiga chafya akachanganya udongo wa wakulima wa kata nzima. Kinu chetu kilikuwa cha kauri, mchi wake mfupi kama kidole gumba. Nyinyi mnatwanga kwa kupiga. Kauri haipigwi, inasagwa kwa kuzungusha, na ukisikia sauti ya mchanga bado hujamaliza. Unga ulioiva haulii.

Lakini kitu kikubwa alichonipa ni waya na kioo. Unachukua waya mwembamba usioungua, unachovya kwenye chumvi usiyoijua, unauingiza kwenye mwali wa jiko la gesi. Mwali ukigeuka njano, chumvi hiyo ina sodiamu, ndugu wa chumvi ya mezani. Ukigeuka zambarau hafifu, ina potasiamu. Tabu ni kwamba njano ni kama mlevi kwenye mkutano: akiwepo mmoja tu humsikii mwingine. Ndipo unatazama kupitia kipande cha kioo cha buluu. Kile kioo kinamnyamazisha mlevi, na zambarau kama ipo unaiona.

Alipostaafu alinikabidhi kile kioo, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa chenye harufu ya tumbaku. Akasema, "Evarist, usiamini jina lililoandikwa kwenye chupa. Uliza moto." Mungu amrehemu. Nilikitia mfukoni nikakaa nacho miaka mingi, na siku nilipokihitaji kuliko zote sikukitoa. Nitafika huko.

Kazi zetu kwa sehemu kubwa zilikuwa udongo wa mahindi na ulezi. Mkulima analeta udongo, tunamwambia unakosa nini. Nakumbuka mzee mmoja wa Chala aliyeleta udongo mzuri mno, mweusi, una rutuba ya ajabu. Nikamwuliza, "Sasa baba, na udongo kama huu umekuja kulalamika nini?" Akainamisha kichwa. Kumbe aliuchota zizini kwa jirani, maana aliona aibu kuleta wa kwake. Nikamwambia, "Mzee, ukiumwa unampelekea daktari mkojo wa jirani?" Tulicheka wote, akarudi kuleta wa kwake. Sikujua kwamba nami nitakuja kuona aibu ya namna hiyo hiyo, tena nikiwa na mvi.

Sasa nafika kwa Zuhura. Wengi wenu mmemkuta ni Dokta tayari. Alipoingia kwa mara ya kwanza alikuwa binti mwembamba wa Kirando, kule ziwani, mtoto wa mwenye duka. Alibeba begi moja la nguo na mawili ya vitabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Dokta."

"Bado mzee. Huo udokta ndio nimekuja kuutafuta."

"Nakuita mapema ili uzoee."

Alichotaka kilikuwa hivi. Udongo wetu wa juu huku ni mchachu, unaikamata mbolea ya fosfeti na kuikalia. Tena unakosa zinki, na sehemu nyingine unakosa shaba. Zuhura alitaka kutengeneza fosfeti moja yenye zinki na shaba pamoja, metali mbili katika mwili mmoja, ambayo ingejiachia polepole shambani. Tunachanganya unga wa zinki, unga wa shaba, chumvi ya fosfeti, na magadi ya kuviyeyushia. Tunasaga, tunachoma kidogo mpaka harufu kali ya amonia itoke, tunasaga tena, kisha tunachoma kwa moto mkubwa mpaka viyeyuke. Vikipoa vinakuwa kitu kingine kabisa.

Lakini haikutosha kukipata kitu. Ilibidi ajue kimejengwaje ndani. Na kwa kazi hiyo alihitaji fuwele, yaani chembe moja iliyojipanga vizuri yenyewe, kama chembe ya sukari au ya chumvi. Fuwele inapelekwa mjini, chuo kikuu, kwenye mashine ya eksirei, mashine inasoma nani amekaa wapi. Unga peke yake haukumtosha. Na mwaka mzima tulipata unga. Unga wa kijani uliofifia, kama ukoga. Tulichoma mara kumi na sita.

Mimi ndiye niliyeshika tanuri. Lilikuwa la umeme, dogo kama sanduku la redio, na saa yake ya joto ilikuwa mwongo. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu na kuamini rangi, kama Mpui. Zuhura mwanzoni hakupenda.

"Mzee, nitaandikaje kwenye kitabu kwamba joto lilikuwa la pilipili iliyoiva?"

"Andika namba unayotaka. Mimi nitakupa joto lenyewe."

Akaleta kipimo kipya kutoka mjini, akalinganisha na macho yangu. Baada ya hapo hakuuliza tena. Nami kwa upande wangu nilikubali sharti lake moja: kila ninachofanya nikiandike kwenye daftari, kwa mkono wangu, hata kikiwa kidogo. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga tope, lakini niliandika.

Chomo la kumi na saba lilipofika, mama yake Zuhura aliugua, Zuhura akateremka Kirando kumwuguza. Nikampigia simu.

"Dokta, magadi ya kwenye chupa yamekwisha."

"Ya kuagiza yatachelewa, mzee. Tumia magadi ya kawaida tu, haya ya nyumbani. Ila yachome kwanza mpaka yawe meupe kabisa."

"Ya nyumbani?"

"Ndiyo, haya ya jikoni. Ni kitu kile kile."

Hapo ndipo penye mkasa wote, kwa hiyo someni taratibu. Kwao Kirando, dukani kwa baba yake, magadi ni jiwe. Linakuja kwenye gunia, linavunjwa kwa nyundo, mtu anachemshia maharage. Kwetu Mwazye mama yangu hakuwahi kununua magadi. Unachukua majivu ya mabua ya maharage na maganda ya ndizi, unayatia kwenye chungu chenye matundu chini, unamimina maji, unakinga yanayodondoka. Yana rangi ya chai na yanateleza kwenye vidole. Hayo ndiyo magadi, na mboga ngumu inalainika kwayo. Mke wangu Leokadia anayachuja mpaka leo. Kwa hiyo niliposikia "magadi ya nyumbani" sikujiuliza mara mbili.

"Unataka kupika mboga gani huko kazini?" Leokadia aliniuliza.

"Napika sayansi, Mama Skola."

"Sayansi isinivunjie chungu."

Akanipa. Nikayachemsha mpaka maji yakaisha, ikabaki chumvi ya kahawia. Nikaichoma tanurini ikawa nyeupe kama sima ya sembe. Nikapima kwa gramu zile zile, sikukosea hata punje. Nikaona kitu kimoja tu cha ajabu. Nilipoyaacha mezani kwenda kunywa chai, niliporudi yalikuwa yamelowa. Nikaandika kwenye daftari: *Magadi yanatoka jasho. Nimeyakausha tena.* Nikaendelea.

Nilichoma mpaka yakayeyuka. Kisha nikalilaza tanuri. Kila baada ya saa chache mchana nilipunguza joto kidogo, tena kidogo, siku nne. Siku ya tano asubuhi nikalifungua. Ndani ya kikombe cha kauri, katikati ya ukoko, zilikuwapo chembe ndogo kama punje za ulezi, zina pembe, zinang'aa, na rangi yake ni buluu, ile buluu ya rozari ya mama yangu. Nilikaa chini. Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo sioni aibu kusema nilipiga ishara ya msalaba.

Zuhura aliporudi alizitazama kwenye hadubini, akasimama, akatoka nje, akarudi. Macho mekundu.

"Mzee Evarist, umefanya nini?"

"Ulichoniagiza."

Zikaenda mjini kwenye mashine. Tukangoja. Siku jibu lilipokuja alikuwa kwenye simu, mimi naosha vikombe karibu yake. Nilimwona uso ukibadilika. Alipokata simu alisema taratibu, kama anayesoma barua ya msiba, "Kampaundi ni mpya. Haijawahi kuandikwa popote. Lakini sodiamu, ile ya magadi, haimo. Pale nilipoandika sodiamu mashine inaona kitu kizito zaidi. Wanasema ni potasiamu. Mzee, mimi sina potasiamu hata chembe kwenye kabati hili!"

Nilijua pale pale. Miaka yote ile Mzee Kasian alinionyesha zambarau kwenye mwali, na kila mara aliniambia potasiamu ni mtoto wa majivu. Kikombe kilinishinda mkononi kikaanguka. Zuhura akafikiri nimeshtuka kwa ajili yake.

"Siku ile ulifanya nini tofauti, mzee? Kumbuka."

Nami nikajibu, "Sikufanya tofauti yoyote. Mimi sikosei kupima."

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo. Naliandika hapa mlisome. Kwa miaka thelathini na zaidi sifa yangu ilikuwa moja: Evarist hakosei. Sikuwa na cheti, nilikuwa na hilo. Nikaona nikisema, vijana watasema ndiyo hayo, mtu wa darasa la nne amemwagia majivu ya mkewe kwenye kazi ya watu.

Chupa mpya ya magadi ikafika, ya jiwe, safi. Zuhura akarudia chomo. Unga wa kijani. Akarudia tena. Unga. Mara ya tatu, unga. Kisha ikaja barua ya profesa wa chuoni aliyekuwa akimsimamia kazi yake. Nilimwomba aniambie imesema nini, akaniambia wazi. Profesa anasema kitu ambacho mwenyewe hawezi kukirudia si ugunduzi. Atakuja mwisho wa mwezi. Wakati huo ama kirudiwe mbele yake, au sura nzima ya fuwele iondolewe kwenye kitabu chake cha udokta, na iundwe kamati kuchunguza kama binti huyu alizitoa fuwele mahali pengine akazipa jina lake.

"Wataniita mwizi, mzee," alisema. "Udokta basi. Baba yangu aliuza shamba la michikichi ya babu nisome." Kisha akajaribu kutabasamu. "Umeniita Dokta kabla ya wakati. Labda ndiyo nuksi yenyewe."

Tangu barua ile nilikaa na hilo siku tisa. Siku tisa! Ninaziandika kwa sababu hata leo Zuhura hazitaji, lakini mimi nazihesabu.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Leokadia alikuwa anapepeta maharage uani. Akaniuliza mbona siku hizi sili mboga. Nikamweleza yote. Aliendelea kupepeta, hakunitazama.

"Kwa hiyo mtoto wa watu anaitwa mwizi kwa sababu ya majivu yangu?"

"Kwa sababu ya majivu yako."

"Hapana, Baba Skola. Majivu yangu hayajamnyima mtu jibu. Wewe ndiye uliyekaa kimya. Majivu usiyasingizie." Akapuliza makapi, yakanijia usoni. "Kesho asubuhi kabla hujafagia."

Jumatatu nilimkuta Zuhura amekaa kwenye meza yake, kalamu mkononi, hajaandika kitu. Sikuanza na maneno. Niliwasha jiko la gesi. Nikatoa kikopo cha magadi ya Leokadia, nikachovya waya, nikaingiza kwenye mwali. Njano tupu. Nikatoa kioo cha buluu mfukoni, nikampa.

"Tazama kwa hiki."

Akatazama. Mwali ulikuwa zambarau.

"Hiki ni nini, mzee?"

"Magadi."

"Magadi gani haya?"

"Magadi ya nyumbani. Ya majivu. Kwetu ndiyo magadi. Uliniambia ya nyumbani, nikaleta ya nyumbani. Nilijua tangu siku uliyotaja potasiamu. Nikanyamaza kwa ajili ya jina langu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Ungesema siku ile, ningekuwa nimelala siku hizi zote." Kisha akavuta daftari langu, akafunua chomo la kumi na saba, akafuata mwandiko wangu kwa kidole. Akafika pale. Akasoma kwa sauti, "Magadi yanatoka jasho."

Akafunika uso kwa mikono. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka kiti kinasogea. "Magadi ya jiwe hayalowi hivi! Ya potasiamu ndiyo yanayovuta maji hewani mpaka yanalowa. Lipo hapa! Limeandikwa! Mzee, mimi nilipita hapa nikafikiri jasho ni la kwako!"

"Mwandiko wangu ni mbaya."

"Mwandiko ni mbaya, lakini umesema kweli. Mimi ndiye sikusoma. Wewe umekosa na mimi nimekosa. Na hilo neno magadi nalo limekosa, linaishi nyumba mbili." Akasimama. "Mama Skola ana majivu mengine?"

"Huyo? Ana majivu ya mwaka mzima."

Profesa alikuja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, mtu mrefu, mkavu, suruali imenyooka. Hakukaa. Alitaka aone kila kitu tangu mwanzo, kwa hiyo Leokadia naye akaja na chungu chake chenye matundu, amevaa kitenge kipya kama anakwenda kusimamia ubatizo. Profesa akainama kutazama yanavyodondoka.

"Mama, haya magadi unayatengenezaje?"

"Kwa majivu, baba. Kwani wewe kwenu mnayatengenezaje?"

Nilimwona Zuhura akiuma mdomo. Profesa akasema kwao wananunua. Leokadia akamwonea huruma waziwazi.

Tukachoma vikombe vitatu kwa pamoja. Kimoja magadi ya jiwe, kimoja magadi ya majivu, na kimoja chumvi safi ya potasiamu ambayo profesa mwenyewe alikuja nayo, imefungwa kwa lakiri. Alitaka tanuri lizimwe siku ya pili apate kurudi mjini. Nikamwambia, "Profesa, halizimwi, linalazwa." Akamtazama Zuhura. Zuhura akasema, "Kwa tanuri, yeye ndiye profesa." Akaahirisha safari. Siku zile alikaa uani kwetu akila ugali wa ulezi na mboga laini, na sidhani kama alijua kila siku anakula ushahidi.

Siku ya tano nilifungua mbele ya watu wote. Cha jiwe: ukoga wa kijani. Cha profesa: buluu, fuwele ndogo kama mchanga. Cha Leokadia: buluu, punje za ulezi, zina pembe, zinawaka. Kwa nini za majivu zilikuwa kubwa kuliko za chumvi safi? Zuhura anadhani chumvi nyingine ndogondogo zilizomo kwenye majivu zinasaidia kuyeyusha. Anadhani. Bado anatafuta, na nyinyi mlio naye mmsaidie kutafuta.

Profesa alichukua fuwele moja kwa kibano, akaitazama kwa hadubini, akasema maneno mawili: "Sura ibaki." Akampa Zuhura mkono. Kisha akanipa na mimi mkono, akaushika kidogo zaidi.

Jioni ile Zuhura alinionyesha kwenye kompyuta picha ya nyumba yenyewe, yaani fuwele ilivyojengwa ndani. Sikuelewa kitu, rangi tu na mistari. Akafikiri, akatoka, akarudi na mawe matatu na sufuria. Akapanga mafiga matatu, akaweka sufuria juu. "Fosfeti ni hivi mzee. Pembe tatu chini, moja juu, fosforasi amekaa katikati kama moto. Zinki naye ana jiko lake la hivi hivi. Shaba ana jiko kubwa kidogo, la pembe tano. Majiko yanagusana pembe kwa pembe, yanakwenda, yanakwenda, hayaishi. Sasa katikati yake pamebaki uchochoro. Uchochoroni ndimo anamokaa potasiamu. Sodiamu ni mwembamba, akiingia mle anapwaya, kuta zinamwangukia, unapata unga. Potasiamu ni mnene. Ameenea sawasawa, ndiye anayezizuia kuta."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo mwaka mzima tulikuwa tunamwita mpangaji asiyeenea?"

"Ndiyo mzee. Kwa sababu vitabu nilivyofuata vilimwita yeye."

Hayo ndiyo maelezo ya muundo wa fuwele kama ninavyoyajua. Niliyasimulia kwa mjomba wangu kabla hajafa, akaelewa. Kama mtu wa tofali aliyaelewa, nanyi mkiwaeleza wakulima msitumie maneno ya kuwafukuza.

Zuhura aliupata udokta wake. Ile kampaundi sasa ipo kwenye viploti nyuma ya maabara, inajaribiwa kwenye mahindi. Haijawa mbolea na msimwahidi mtu kwamba itakuwa. Mtakaponiuliza yote haya yana faida gani, nasema kwanza yeye hakuitwa mwizi. Ya pili ngojeni mvua.

Ninawashukuru watu wanne na sitaongeza wa tano ili nisiwapunguze hawa: mjomba kwa kunionyesha rangi ya moto, Mzee Kasian kwa kioo, Leokadia kwa makapi usoni, Dokta Zuhura kwa kucheka siku ambayo alikuwa na haki ya kunifukuza. Na ukutani juu ya mizani nimewaachia karatasi, kwa mwandiko wangu ule ule. Msiitoe: *Usiandike magadi. Andika ya jiwe au ya majivu. Kama hujui, uliza moto. Kama unajua, sema siku hiyo hiyo.*

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu, matofali nilichoma mwenyewe. Nina ekari mbili za mahindi na nusu ekari ya ulezi. Nina ng'ombe wawili, mmoja mkorofi. Nina baiskeli, redio, na miwani ambayo siipendi. Nina watoto watano na wajukuu sijawahesabu wiki hii. Nina ukurasa mmoja wa kitabu cha Zuhura, ule wa shukrani, jina langu limo mstari wa mwisho na halikukosewa. Nina kichupa cha dawa chenye punje moja ya buluu ndani yake. Kioo cha buluu sina tena, nimemwachia Zuhura, amekifunga kwenye kitambaa kile kile. Na chungu chenye matundu kipo uani, kizima, lakini hicho si changu. Ni cha Mama Skola.